Boksi Jepesi la Uvira

Baraka, jioni, ukiwa bado kanisani kuaga kwaya

Sifa wangu,

Nimeinua begi lako. Najua ulisema nisiliguse, na ukalifunga kwa kamba ili mikono yangu isifike. Lakini begi lilikuwa mlangoni nami nilikuwa nafagia. Nililishika kwa mkono mmoja likaja juu kama kapu tupu. Nikakaa chini nalo magotini, ufagio nikauacha palepale.

Mtu anakwenda Uvira kusomea uuguzi, miaka yote hiyo, na begi jepesi hivi? Nimelifungua, unisamehe. Magauni, kitenge kimoja, Biblia, sabuni, sandali. Hili si begi la mwanafunzi, mwanangu. Ni begi la mtu anayekimbia. Nimelitambua mara moja kwa sababu mimi ndiye nimekuwa nikilifunga begi kama hilo miaka yote, na wewe umejifunza kwangu.

Ndiyo maana nimechukua karatasi. Habari za kula vizuri, kusali, kutotembea ovyo na kujihadhari na watu wa bandarini, shangazi yako atakuambia hukohuko Uvira, tena kwa sauti kubwa kuliko yangu. Mimi nataka kukuambia habari ya uzito wa vitu. Tayari nakuona unacheka: "Mama anarudia tena alimentasyo yake." Ndiyo, narudia. Wewe unaijua hadithi hiyo kwa upande wako, maana ulikuwa ndani ya nyumba. Upande wangu hujausikia wote, kwa sababu kila nikianza, baba yako anaingilia na mzaha wake, watu wanacheka, na mimi nacheka nao, basi inaishia hapo.

Nianzie mbali kidogo. Kabla ya vita nilikuwa na mashine ya kuchapia, ile ya chuma, ya kugonga herufi kwa vidole. Watu walikuja na maneno yao mimi nikayapiga chapa: maombi ya kazi, mialiko ya harusi, mashtaka ya mbuzi kula muhogo. Niliipenda ile mashine kuliko nguo zangu. Vita vya kwanza vilipofika kwetu, wengine walikamata magodoro, wengine kuku. Mimi nilifunga mashine katika kitenge nikaiweka kichwani, tukachukua njia ya Lubondja, na wewe ukitembea kando yangu umeshika sketi yangu.

Ulikuwa mdogo, hujaanza shule. Tulipofika kwenye mlima ulichoka, ukaniambia, "Mama, unibebe." Nikakuambia utembee. Ukaomba tena. Shingo yangu ilikuwa imezama mabegani kwa uzito wa chuma kile, nisingeweza kuinama kukuchukua bila kukitua, na nikikitua nisingekipandisha tena. Nikakuambia utembee, kwa ukali. Ukatembea. Baadaye nikaona miguu yako inatoka damu, na wewe hulii tena. Hapo ndipo nilipoitupa mashine katika shamba la muhogo la watu nisiowajua, nikakuweka mgongoni, ukalala kabla sijapiga hatua kumi.

Tangu siku ile nilichukia vitu vizito. Nilikuwa naviogopa kabisa. Tulipokaa porini, tulipovuka ziwa kwenda kambini, tuliporudi na kukimbia tena na kurudi, sikununua kitu ambacho nisingeweza kukibeba pamoja na mtoto. Sahani za plastiki. Masufuria membamba yanayounguza ugali upande mmoja na kuuacha mbichi upande wa pili. Godoro la sponji ambalo ukilala unaugusa mkeka. Nyumba yetu yote ingeingia katika mafungu mawili ya kichwani, na mimi nilijivunia hilo. Wamama wenzangu walinisifu. Sokoni hapa Baraka siku zile, mwenye kuuza hakusema kitu chake ni kigumu au kizuri. Alikiinua kwa kidole na kusema, "Angalia, iko mwepesi," na sisi tukanunua.

Basi, mwanangu, mama yako alikwenda kununua alimentasyo, kiboksi cha umeme cha kompyuta, kwa akili hiyo.

Kompyuta yetu ya kwanza unaikumbuka. Wageni fulani waliofanya kazi hapa walikuwa wakifunga ofisi yao, wakagawa na kuuza vitu, sisi tukaipata ile, ya zamani, kubwa, ya rangi ya maziwa yaliyoganda. Tuliiweka chumba cha mbele, nikarudia kazi yangu ya kuchapa. Umeme tulivuta kwa waya kutoka jenereta ya kinyozi, jirani yetu. Wewe ulikuwa umeshapata akili za shule wakati huo. Ulijifunza kuiwasha na kuizima kabla yangu, na nikienda sokoni nilikuachia wewe uilinde na umwangalie mdogo wako, Amani.

Jenereta ya kinyozi ilikuwa na tabia ya mlevi. Mara inalala, mara inaruka juu na taa zote zinang'aa kupita kiasi. Siku moja iliruka hivyo, kompyuta ikanyamaza. Fundi Lukele akaja, akafungua, akanusa, akasema kilichokufa ni alimentasyo tu, kile kiboksi cha chuma cha nyuma chenye feni, ambacho kinapokea umeme wa ukutani, kinautuliza na kuugawia mashine yote kidogokidogo. Kompyuta yenyewe ilikuwa nzima. Ilitakiwa kuweka kiboksi kingine tu. Nikapanda boti kwenda Uvira.

Kijana mmoja wa dukani aliniwekea viboksi viwili juu ya meza. Kwa nje vilifanana kama mapacha, tena kile cha rahisi kilikuwa na karatasi nzuri zaidi, imeandikwa namba kubwa zaidi ya nguvu. Nikaviinua. Kimoja kilinivuta mkono. Kingine kiliinuka chenyewe.

"Mama, kamata hii ya buzito," kijana akasema. "Ile ya mwepesi ni ya kudanganya batu. Ndani hamuna kitu."

"Ya buzito ndjo ya bei," nikamjibu. "Unaniona mi mugeni?"

"Hapana, Mama. Beba ile unapenda. Lakini usikuje kunililia hapa."

Sifa, nimeuza ndakala, samaki wetu wadogo, sokoni. Najua mwenye duka anavyokusukumia kitu cha bei. Nilimwona kijana mjanja anayetaka kunikamua, kumbe alikuwa ananiambia ukweli mtupu. Lakini nisikudanganye kwamba ni bei peke yake iliyonivuta, kwa maana hata bei zingekuwa sawa ningechukua kile chepesi. Nilikishika mkononi nikawaza: tukikimbia, hiki kinaingia hata kwenye kapu la Amani. Nikafurahi. Nilirudi na boti nikiwa nimekipakata, nikajiona nina akili kuliko Uvira yote.

Fundi Lukele alikifunga bila kukipima mkononi, maana nilimharakisha. Kikafanya kazi. Kilinuka kidogo kama plastiki juani, feni yake ililia kama panzi, nami nikasema kipya ndivyo kinavyokuwa. Wewe ulisema, "Mama, hii inanuka." Nikakuambia uache maneno.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe. Nilikuwa sokoni, kwenye meza ya chumvi, jua limeanza kulegea. Wiki ile watu walikuwa wamelala na viatu, maana habari mbaya zilikuwa zinashuka kila siku kutoka milimani, kila mmoja na yake. Nikasikia "paa!" upande wa mtaa wetu, kisha nyingine ndogo. Wote tukainua vichwa pamoja. Halafu sauti ya mwanamume: "Bameingia! Bameingia!"

Hujawahi kuniuliza mji unavyokimbia ukiutazama kutoka sokoni. Hakuna anayeuliza. Meza zinaanguka, chumvi inamwagika, na kila mtu tayari ana fungu lake kichwani kana kwamba lilizaliwa pale. Kinyozi wetu alikimbia na wembe mkononi, na mteja nyuma yake amenyolewa nusu ya kichwa. Leo tunacheka. Siku ile hakuna aliyecheka. Mimi nilikimbia kinyume na watu, kuelekea nyumbani, na jirani mmoja akanishika mkono kwa nguvu.

"Mama Sifa, unaenda wapi? Kule ndjo balipiga!"

"Batoto bangu beko kule!"

"Batoto bamekimbia! Hakuna muntu kule! Ende pale muliambiana!"

Pale tulipoambiana. Unakumbuka nilivyokufundisha: ukisikia mlio, usitafute mama, usitafute viatu, mshike Amani mkono, nenda shamba la koko, mama yake baba yako, ng'ambo ya mto, mimi nitakukuta huko. Nilikufundisha hata ukiwa unakula. Ulijibu vizuri kuliko maswali ya katekisimu. Kwa hiyo nikageuka. Niliona moshi kidogo juu ya mtaa wetu, nikaupa mgongo, nikaenda shambani kwa koko.

Hamkuwapo.

Nilisubiri kidogo. Watu walikuwa wanapita, nikamuuliza kila mmoja. Mmoja aliwaona watoto wawili ufukweni. Nikaenda ufukweni. Pale baba yako alikuwa anasukuma mtumbwi, anawatafuta pia, macho yamemtoka. Tuligawana njia tu. Nikarudi shambani. Nikaingia mihogoni nikiita jina lako kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti ya juu, kisha sikujali tena nani ananisikia. Na kila nilipoita nilikuona ukiwa kwenye mlima wa Lubondja, unaniambia nikubebe. Niliwaza: nilitupa mashine, nimeishi na vitu vyepesi miaka yote hii, mikono yangu ni mitupu kabisa ili niweze kuwabeba, na sasa sina wa kubeba. Hiyo ndiyo sehemu ambayo baba yako haniachi niimalize.

Giza lilipokaribia nikaona watu wanaanza kurudi, taratibu, wanatazamana. Hakuna aliyeona askari. Hakuna aliyeona mtu amepigwa. Nikarudi nyumbani kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikausukuma kwa bega.

Ulikuwa umekaa kwenye kiti changu cha kuchapia. Amani alikuwa amelala mapajani mwa mwanamke, na yule mwanamke alikuwa Mama Rebeka wa Bibokoboko kule milimani, muuza maziwa wetu. Meza ilikuwa nyeusi nusu. Pazia halikuwapo. Sakafu yote ilikuwa nyeupe, na wewe ulikuwa unakunywa maziwa kwa kikombe cha plastiki, kama mgeni wa heshima.

Nilikupiga kofi. Unalikumbuka, nami nalikumbuka. Kikombe kiliruka. Kisha nikakushika, nikakaa chini katika maziwa nikiwa nimekukumbatia, nikalia kwa sauti ambayo sikuilia hata siku tulipozika watu wetu. Nilikunusa kichwa, nikahesabu vidole vya Amani kama mtu aliyejifungua sasa hivi. Sijawahi kupata furaha kama ile, hata ndoa yangu haikunipa, na baba yako akisoma hapa atajua la kufanya.

"Sababu gani hukukimbia? Nilikufundisha nini?"

"Mama, haiko risasi," ukasema, mkono shavuni. "Ni bwate ya alimentasyo. Niliona moshi inatoka mule, kisha ikapasuka. Ungeniuliza kwanza."

Mama Rebeka akasema kwa sauti ndogo, "Mi nilitaka kukimbia. Mutoto yako akanishika nguo. Akasema, Mama, usitoke, hii haiko bita, ni mashini."

Alikuwa mlangoni akikupimia maziwa katika kikombe kile boksi lilipopasuka. Ninyi wawili mliona pazia linashika moto, na nyumba yetu ilikuwa ya majani juu, unajua ingechukua muda gani. Ndoo ilikuwa kavu. Jenereta ilikuwa imezimika kwa pigo lile. Akainua bidoni lake lote la maziwa, kazi yake ya siku nzima, maili zote zile za kushuka mlima, akalimwaga juu ya moto. Kisha akakaa na ninyi, kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Mwanamke wa milimani, wa kabila ambalo watu wetu walikuwa wanalihofia, katikati ya sisi Wabembe walioshtuka wakipiga kelele kwamba watu wameingia! Sikuhitaji kuelezwa. Na nikuambie ukweli, nilipofungua mlango na kumwona ameshika mtoto wangu, moyo wangu ulifikiri kitu kibaya kabla ya macho kuona maziwa. Nilikuwa nimenunua maziwa kwake miezi yote ile na bado moyo ulifikiri hivyo. Nilimwomba msamaha kwa jambo ambalo hakujua nimelifanya. Akadhani namwomba kwa ajili ya maziwa.

Baba yako alimsindikiza kabla hakujapambazuka, hadi mlima unapoanza. Nilikaa na hofu mpaka aliporudi. Juma lililofuata tukasikia hodi, na bidoni likatangulia kuingia kabla ya Mama Rebeka mwenyewe. "Leo sileti kwa moto," akasema. "Naleta kwa batoto." Mambo mengine yamepita kati ya watu wake na watu wetu tangu pale, mabaya, na kuna miezi ambayo hakushuka. Akishuka, anaingia kwetu kwanza.

Fundi Lukele alipokifungua kile kiboksi alicheka, halafu akaacha kucheka. Akaweka kile cha kwanza kilichokufa kando yake, vyote vimefunguliwa matumbo. Katika kile cha zamani palikuwa na misokoto ya nyaya za shaba, vyuma vinene vya kupoza joto, na kifaa kidogo ambacho umeme ukizidi kinakatika chenyewe ili mashine ipone. "Angalia hii ya zamani, Mama," akasema. "Ilikufa, lakini ilikufa peke yake." Katika kile changu, mahali pa msokoto paliunganishwa waya mtupu. Mahali pa kile kifaa cha kukatika hapakuwa na kitu. Vyuma vilikuwa vyembamba kama kifuniko cha kopo la nyanya. Umeme uliporuka haukukuta wa kuuzuia. Ulipasua kiboksi, ukaingia katika kompyuta yote, ukaua kila kitu, na kazi zote za watu nilizokuwa nimehifadhi ndani. Ule uzito niliokuwa nimeukimbia kule Uvira, Sifa, ndio uliokuwa ulinzi wenyewe.

Mtaa ulinipa jina la Mama Bombe, mama wa bomu, na bado wananiita hivyo, nami naitika. Kinyozi alimalizia kile kichwa siku ya pili. Baba yako anawaambia wageni kwamba mke wake alifukuza Baraka nzima kwa boksi moja. Waache waseme. Mji mzima ulikimbia bure na ukarudi mzima, na mara nyingine zote haikuwa bure. Mimi nikikumbuka siku ile napumua. Hata sasa nikiandika, nimeacha kalamu nikapumua.

Lakini nimewaza sana juu yako uliyebaki ndani. Watu wote wa Baraka, wakubwa, wenye akili, walisikia mlio wakakimbia. Wewe peke yako uliangalia kitu gani kimelia. Mimi nilikufundisha kukimbia, na sijutii, maana kukimbia kumetuweka hai. Kuangalia ulijifunza mwenyewe. Nilikupiga kofi kwa jambo bora ulilokuwa umefanya maishani mwako. Huko hospitalini uendako watu watakujia wamebebwa, na ndugu zao wanapiga kelele, na wote watataka ukimbie. Angalia kwanza, kama ulivyoangalia siku ile.

Na habari ya begi. Miaka hii ya nyuma tulinunua kompyuta nyingine, na safari hiyo alimentasyo niliibeba mapajani kutoka Uvira mpaka miguu ikafa ganzi, na bado inanguruma pale chumba cha mbele. Nyumba ina mabati. Tuna kabati ambalo wanaume wanne hawalisogezi. Lakini leo nimeona kwamba mkono wako bado unachagua kilicho chepesi. Hujui kwamba unafanya hivyo, na mimi sikujua pia. Utanunua kitanda chepesi, utapata marafiki wepesi wa kuachwa, utakaa katika chumba chako Uvira kama mtu anayesubiri mlio. Sitaki, mwanangu. Nunua kitu ambacho kitakusumbua siku ya kuhama. Kaa.

Kwa hiyo nimelifungua begi lako na kulifunga upya, na pembeni yake kuna gunia. Ndani kuna sufuria ya chuma ya koko, ile aliyoizika shambani vita vilipoanza akaichimbua tuliporudi. Inapika ugali sawasawa pande zote. Kuna pasi ya makaa. Kuna blanketi zito, si lile la kambini. Mbebaji kule bandarini atanung'unika, atakuuliza kama umebeba mawe. Mwambie ndiyo, mama yangu ameweka mawe.

Nimesikia kicheko chako barabarani na wenzako wa kwaya, basi namaliza.

Kila mtu wa nyumba hii aliyewahi kuondoka Baraka aliondoka mbio, na alipogeuka hakuona mtu, kwa sababu wote tulikuwa tunakimbia. Kesho wewe utatembea hadi kwenye boti. Ikishasogea, geuka. Baba yako atakuwa pale, na Amani, na koko kwenye kiti chake, na Mama Rebeka ameahidi kushuka. Tutakuwa tumesimama, Sifa. Geuka utuone, hatutaondoka.

Mama yako,
Mama Bombe